Kisu cha elfu tano na kipande cha tailizi

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa saidia fundi nilimaliza visu vitatu vya kukunja. Hakuna kilichoibiwa, hakuna kilichopotea. Vyote niliviua mwenyewe kwa kuvinoa.

Kisu cha kukunja nilikuwa nakipata Kariakoo kwa shilingi 5,000. Ukiwa na kazi ya kudumu hiyo si hela ya kuizungumzia, lakini mimi nililipwa kwa siku, tena siku ambayo saiti ipo, na elfu tano ilikuwa nauli ya kutoka Mbagala na kurudi pamoja na ugali wa mchana. Na kazi ya umeme wa nyumba haiendi bila kisu. Kumenya ganda la waya, kulainisha mdomo wa bomba la plastiki uliokatwa kwa msumeno, kufungua maboksi ya swichi, na ikifika saa saba, kumenya chungwa. Kisu kikiwa butu unakikandamiza, ukikikandamiza kinateleza, na kikiteleza kinaishia kwenye gumba la mkono wa kushoto. Kovu ninalo. Siku hiyo kisu kilikuwa kimeshindwa kukata ganda la waya, lakini gumba kililiweza.

Kisu cha kwanza kilifia kwenye ngazi ya saruji. Nilikuwa nakisugua pale kila asubuhi, kinatoa sauti ya kuridhisha, na kweli kilikuwa kinakwaruza. Kinachokula chuma kwenye saruji ni mchanga uliomo ndani yake, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha kisu. Ila punje zake hazilingani, moja kubwa moja ndogo, hivyo badala ya makali unapata meno kama ya msumeno mbovu. (Wenzangu wa pwani wanaojaribu kunoa kwenye jiwe la matumbawe wasipoteze muda kabisa. Matumbawe ni chokaa, laini kuliko chuma. Kinacholika pale ni ukuta wa watu.)

Cha pili nilikipeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma, jirani na saiti tuliyokuwa tunajenga. Akakiweka kwenye mashine yake, cheche zikaruka, sekunde kumi tu akanirudishia kisu kinachong'aa, kikali kama wembe. Sikutoa hata senti. Kwenye ncha palikuwa na doa la rangi ya bluu, nikaliona zuri. Kufikia jioni kisu kilikuwa butu tena, na kuanzia siku hiyo hakikushika makali zaidi ya saa moja. Lile doa ndilo lililokuwa taarifa ya msiba. Chuma cha kisu hupewa ugumu wake kiwandani kwa joto na kupozwa kwa utaratibu. Ukikipasha tena mpaka kikageuka bluu, yaani karibu nyuzi joto 300, visu vingi vya aina hii hupoteza ugumu huo pale palipobadilika rangi. Makali ni membamba, yanawaka kabla mkono wako haujahisi moto. Fundi hakunitakia mabaya, ile mashine imetengenezwa kwa ajili ya nondo na mageti.

Cha tatu nilikinoa kwenye jiwe la dukani, lile la pande mbili, na bado nikakiua. Hapo ndipo nilipokwenda kwa babu.

Babu alikata mkonge Korogwe tangu ujana wake mpaka mgongo ulipomkatalia. Jani la mkonge lina nyuzi ngumu, na mkataji hulipwa kwa kadiri alivyokata, kwa hiyo kisu butu kwake kilikuwa njaa. Akakichukua kisu changu, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango, akacheka. "Mjukuu wangu, hiki hujakinoa. Umekisugua mpaka kimekuwa kijiko."

Nilikuwa nabadilisha mlalo wa kisu kila ninapokivuta. Mara kimelala, mara kimesimama, mkono unabembea kama wa mtu anayechapa usingizi. Makali ni pale pande mbili za chuma zinapokutana, na ukibembea, mahali pa kukutana panaviringika. Jiwe lako liwe la elfu tano au la laki tano, halitakusaidia. Tangu siku ile sijawahi kununua jiwe lingine, na kisu ninachotumia sasa nina mwaka wa sita nacho.

Basi nifanyavyo ni hivi.

Msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia mafundi wa rangi za magari. Naununua karatasi mojamoja kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kila karatasi kama shilingi 1,000, na ukifahamiana na fundi rangi atakupa vipande vilivyobaki bure. Nahitaji namba tatu: 400, 1000 na 2000. Namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi. Punje zake zinalingana, ndiyo tofauti yake na ile ngazi ya saruji. Neno lenyewe, kwa njia, ni la mti: msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza ulimi wa mbuzi, na maseremala wa zamani walilainishia mbao kwa majani hayo.

Kisha kipande cha tailizi. Saiti yoyote ya nyumba ina tailizi zilizovunjika zinazosubiri kutupwa, omba kimoja chenye ukubwa wa kiganja au zaidi. Upande wa juu, ule unaong'aa, umenyooka kuliko meza yoyote utakayoipata. Lowesha tailizi, lowesha msasa, uulaze juu yake. Maji yenyewe yataushika, huhitaji gundi. Kata msasa vipande vyembamba ili karatasi moja ikufae miezi.

Sasa mlalo. Chukua karatasi yenye kona iliyonyooka. Kona hiyo ni nyuzi 90. Ikunje katikati, inabaki 45. Ikunje tena, inabaki 22 na nusu. Simamisha hicho kikunjo pembeni ya tailizi, ulaze kisu kiendane nacho, halafu kishushe kidogo tu. Unataka nyuzi 20 hivi kila upande kwa kisu cha kazi. Kisu cha matunda peke yake kinaweza kulala zaidi, mpaka 15, kitakuwa kikali zaidi ila kitachoka mapema ukikitumia kwenye plastiki.

Macho yanadanganya, kwa hiyo paka makali yote wino wa makapeni, pande zote mbili. Vuta mara mbili kwenye msasa, uangalie. Wino ukiondoka juu tu, karibu na mgongo, umelaza mno. Ukiondoka kwenye ukingo kabisa peke yake, umesimamisha mno. Ukiondoka wote, funga kiwiko kwenye mbavu na ushikilie hapohapo. Mwezi wa kwanza nilitumia wino kila mara. Sasa mkono unajua.

Kwenye msasa mgongo wa kisu hutangulia na makali hufuata, yaani unakivuta kama unayafuta makali, usisukume kama unayechonga. Ukisukuma utachana karatasi na elfu moja yako imekwenda. Vuta kutoka shinani mpaka nchani, na ukikaribia ncha inua mpini kidogo kwa sababu pale kisu kimepinda. Uzito wa mkono unatosha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo babu alinishikia masikio nalo, maana ndilo nililokuwa silijui kwa visu vyote vitatu. Unanoa upande mmoja mpaka lini? Watu watakwambia mara kumi, mara ishirini. Achana na hesabu. Unanoa upande mmoja mpaka uhisi uzi. Chuma kikifikiwa mpaka ukingoni kabisa, kinasukumwa na kujikunja upande wa pili, uzi mwembamba mno usioonekana kwa urahisi. Pitisha ubapa wa kidole upande ambao hujaunoa, kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe usifuate urefu wake. Ukihisi kitu kinakwama kama ukucha uliovunjika, ndio huo. Lazima uwepo kuanzia shina hadi ncha. Pasipo na uzi hapajanolewa, hata kama umevuta mara mia na jasho linakutoka. Ukiupata, geuza upande wa pili, noa mpaka uzi urudi upande wa kwanza. Hapo ndipo unahamia namba 1000, kisha 2000, kila mara kwa mkono mwepesi zaidi, ukibadilishana pande, ili uzi upungue.

Kisu kikiwa kibovu sana, hatua ya 400 inaweza kula nusu saa. Mimi nilikata tamaa mara mbili kabla ya kuupata uzi kwa mara ya kwanza. Nilipoupata nilimwita mke wangu aje kuugusa, akaniangalia kama mtu aliyepigwa na shoti.

Uzi uliobaki unaondolewa kwa ngozi. Mkanda wa zamani wa ngozi halisi, uliotandikwa juu ya ubao, upande wa ndani ukiwa juu. Mgongo mbele, makali nyuma, mara kumi kila upande. Vinyozi wa zamani walifanya hivyo kwa nyembe zao mbele ya mteja. Huna mkanda wa ngozi? Mikanda mingi ya mtumba ni plastiki iliyopakwa rangi, haifai. Tumia boksi la karatasi ngumu, kata kipande kilichonyooka. Kinafanya kazi vizuri kuliko unavyofikiri, na hiki ndicho ninachokitumia zaidi ya vyote. Kila jioni, kabla sijakifunga kisu, nakivuta kwenye boksi mara sita au saba. Kwa sababu ya hilo, msasa naugusa mara moja kwa mwezi, na namba 400 sijaigusa tangu Ramadhani.

Ukiwa huna hata msasa, geuza kikombe cha kauri. Chini kuna mduara usiopakwa rangi ya kung'aa, unaokwaruza kidogo. Huo hauwezi kufufua kisu kilichokufa, lakini kilichochoka kidogo utakiamsha. Fundi wangu mmoja alitumia ukingo wa juu wa kioo cha mlango wa gari, kioo kikiwa kimeshushwa nusu. Kinafaa, ila liwe gari lako au uwe na mazungumzo mazuri na mwenyewe.

Wale kaka wanaopita mitaani na baiskeli zenye jiwe la kuzungusha kwa pedali siwadharau. Kisu cha jikoni chenye pengo kubwa nawapelekea, kwa sababu jiwe la miguu halizunguki kwa kasi ya mashine ya umeme na hatari ya kuunguza ni ndogo. Nakaa karibu, naomba akichovye kwenye maji mara kwa mara. Wengi hawanuni, wanapenda mteja anayejua anachokitazama. Makali ya mwisho nayamalizia mwenyewe nyumbani.

Kupima, kata risiti ya duka ukiwa umeishika hewani kwa mkono mmoja. Kikipita bila kuchana, umefika. Nyanya iliyoiva sana ni kipimo kikali zaidi, laza kisu juu ya ganda lake na uvute bila kukandamiza. Mtindo wa kunyoa vinyweleo vya mkono una sifa kwa vijana ila unakuacha na mkono wenye mabaka.

Lakini nusu ya kunoa ni kutokuharibu. Usikatie juu ya sahani, juu ya sakafu wala juu ya jiwe, tafuta ubao. Mafundi wenzangu, kisu ni cha ganda tu, shaba iachieni plaizi. Kila ukigonga waya kwa kisu unaacha kibonyeo ambacho utakilipia kwa msasa. Ukikata embe au limau, futa kisu hapohapo, maana ile asidi pamoja na hewa ya chumvi ya Dar inaanza kazi kabla hujamaliza kula.

Kiungo kinachokunjika nacho hujaa vumbi la saruji. Kioshe kwa maji na sabuni ukikisugua kwa mswaki uliochakaa, kikauke juani, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Usiweke mafuta ya alizeti, baada ya wiki chache yanageuka ulimbo na kisu hakifunguki. Ya nazi nimeyatumia miaka kwenye bapa kuzuia kutu, na hayanuki vibaya kwenye chungwa. Siku moja tu yaliniaibisha: tulipata kazi Lushoto, mwezi wa saba, asubuhi nikatoa kisu mfukoni kimegandiwa mafuta meupe kama kimepakwa samli. Mafuta ya nazi huganda kwenye baridi, na mimi mtu wa Mbagala sikuwahi kuliona hilo.

Kile kisu chenye doa la bluu sikukitupa. Nakifungulia makopo ya rangi.