Mwili unaposhtuka kabla yako: maswali yenu kuhusu kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha

Nilinusurika moto. Nikinusa moshi tu, moyo hunienda mbio hata kabla sijajua nimenusa nini.

Harufu hufika haraka kwenye sehemu za ubongo zinazotunza hofu na kumbukumbu, kwa hiyo mwili hushtuka kwanza, akili ikafuata. Si wazimu, wala si udhaifu. Ukishikwa, usifumbe macho. Tafuta tofauti kati ya siku ile na sasa, uzitamke kwa sauti: "Siku ile ilikuwa usiku, sasa ni mchana. Mlango ulikuwa umefungwa, huu uko wazi, naushika kitasa. Moshi huu ni wa sufuria iliyoungua." Maneno ya jumla kama "niko salama" hayafui dafu, ubongo unataka ushahidi.

Naambiwa nivute pumzi ndefu, lakini kizunguzungu ndiyo kinazidi.

Unavuta hewa nyingi mno, tena haraka. Kabonidioksidi hupungua kwenye damu, vidole hufa ganzi, kichwa huwa chepesi, nawe unaogopa zaidi. Kazi iko kwenye kutoa. Vuta kwa pua ukihesabu 4, pumzi ya kawaida tu, kisha toa ukihesabu 6, midomo ikiwa kama unapoza chai. Endelea dakika 3 hadi 5. Jizoeze kila siku ukiwa umetulia, maana jambo usilolizoea hulikumbuki ukiwa umepagawa. Wapo ambao kuisikiliza pumzi yenyewe huwatia hofu. Hao waiache, wakandamize nyayo sakafuni au washike kitu cha baridi.

Tangu ajali sipandi basi. Kuna ubaya?

Kukwepa hukupa nafuu leo na kuikuza hofu kesho, kwa sababu mwili haupati nafasi ya kuona kwamba safari nyingi huisha salama. Panda ngazi kidogo kidogo: simama kituoni, keti ndani ya basi lililoegeshwa, kisha safiri kituo kimoja na mtu unayemwamini. Pima hofu yako kwa 0 hadi 10, na usiondoke ikiwa kileleni; ngoja ishuke. Rudia hatua hiyo hadi ikuchoshe. Kumbukumbu zikikuzidia, fanya hivi na mtaalamu. Ila mtu anayekupiga hadi leo si kichochezi, yaani kitu kinachokukumbusha tu yaliyopita; ni hatari. Huyo mkimbie.

Mume wangu huota jinamizi akapiga kelele. Nimwamsheje?

Usimtikise, anaweza kukupiga bila kujua. Simama mbali na mikono yake, washa taa, mwite jina, mwambie wewe ni nani na yuko wapi. Usimdai ndoto hiyo usiku huo.

Nitajuaje kwamba nahitaji msaada?

Mwezi ukipita tangu tukio na bado hulali, huwezi kazi, au unategemea pombe, nenda. Uliza kama mtaalamu amesomea tiba ya kisaikolojia inayolenga kiwewe. Ukianza kuwaza kujiua, fika hospitali siku hiyohiyo, na usibaki peke yako.