"Put off" si kufuta: msikilizeni aliyechekwa

Juzi kijana mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, kaniandikia: ameambiwa usaili wake umekuwa "put off until Monday", je, ndiyo basi tena? Hapana, mdogo wangu. Usaili upo, umesogezwa tu hadi Jumatatu. Piga pasi shati.

Swali lake limenitonesha kidonda. Ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi kule Mtumba ilikuwa ikisubiri wageni kutoka nje. Mama lishe keshaanza kuchambua mchele, barua pepe ikaingia: "Our visit has been put off until Thursday." Bosi akaisoma kwa sauti, akatangaza ziara imefutwa. Nikanyoosha mkono, nikasema imeahirishwa, mbona Alhamisi imetajwa hapo hapo? "Huyu naye na Kiingereza chake cha chuo!" Wakacheka wote, hadi dereva.

Alhamisi saa nne wageni hao getini. Ukumbi una kufuli, ufunguo anao mtunza stoo, na mtunza stoo yuko Kondoa. Nani alitafutwa akawapokee? Mimi niliyechekwa. Samahani yenyewe naisubiri mpaka leo.

Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, barua za namna hii zimejaa Dodoma. Jifunzeni, jamani! Shughuli ikifutwa kabisa, Mwingereza atasema "called off". Ukiona "put off", tafuta siku mpya, mara nyingi inakuja baada ya "until". Na "put" haigeuki hata jambo likiwa la jana. Waweza kusema "put off the meeting" au "put the meeting off", yote sawa. Ila "it" hukaa katikati: "put it off". Ukisema "put off it" umejichongea. Kitenzi kikifuata, kipe "-ing": "I put off going to the dentist", yaani nimekuwa nikipiga danadana kwenda kwa daktari wa meno. Narudia: siyo "put off to go".

Ipo na maana ya kukatwa hamu, nayo haina siku wala tarehe. Mgeni mmoja siku ile aliwekewa ugali wa uwele na mlenda. Akavuta tonge, mlenda ukamfuata hadi kidevuni. Akasema kwa adabu, "Sorry, the texture puts me off." Bosi akaitikia kwa kichwa, akaagiza sahani ifunikwe, mgeni atakula baadaye.