Mwenye fremu kapandisha kodi, nimjibu nini?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi nina duka la viatu vya kike hapa Sinza, fremu nalipa laki nne kwa mwezi na huwa natoa ya miezi sita. Mkataba unaisha mwezi wa kwanza. Juzi mwenye nyumba kanipigia anasema mkataba mpya ni laki tano na nusu, na anataka ya mwaka mzima kwa mkupuo, Jumapili nipite kwake tuongee. Naogopa kweli, yule ni mzee wa heshima na mi kwenye mambo ya bei huwa nakubali haraka ili yaishe. Nijiandaeje?

JIBU: Dada yangu umefanya vizuri sana kuuliza mapema, maana wengi wanaandika wakishasaini. Jiulize swali moja kwanza: tusipoelewana Jumapili, naenda wapi? Mtu asiye na pa kwenda anakubali chochote hata awe muongeaji kiasi gani, na nadhani hiyo haraka yako ya kukubali inatokea hapo hapo.

Kwa hiyo siku zilizobaki tembea. Zunguka Sinza yote, nenda Mwenge, nenda Kijitonyama, fremu zenye karatasi ya INAPANGISHWA zipo, piga hizo namba, uliza kodi, uliza wanataka miezi mingapi, LUKU ni ya kwako peke yako au mnachangia, choo kipo, halafu ingia ndani uone kwa macho. Ukipata hata mbili unazoweza kuhamia kweli, utakaa kwenye kochi la mzee ukiwa mtu mwingine kabisa.

Ila na kuhama kuna gharama yake na watu wanaisahau. Dalali mara nyingi anataka kodi ya mwezi mmoja, kuna fundi wa shelfu, rangi, bango, kirikuu ya kubebea mzigo, na zile wiki ambazo wateja wako wanafika pale pa zamani wanakuta mlango wa mtu mwingine. Tuseme vyote vinafika milioni moja na laki mbili. Gawa kwa miezi 12, ni laki moja kila mwezi, maana yake fremu ya laki nne huko kwingine kwa mwaka wa kwanza itakugharimu sawa na laki tano hapo ulipo. Basi laki tano ndo mwisho wako kwa mzee, ikizidi hapo unaaga kwa heshima. Weka hesabu zako halisi, hizi zangu ni za mfano, na kabla hujaikubali hiyo namba fungua daftari la mauzo uone miezi iliyolala kama inaibeba, usiangalie Desemba wala wiki ya Idi.

Sasa kuna kitu lazima ukiulize Jumapili mapema kabisa, kodi ya TRA. Mpangaji wa biashara kisheria anakata asilimia 10 ya pango anaipeleka TRA, mwenye nyumba anapokea inayobaki. Kwa laki tano na nusu mwaka mzima ni milioni 6.6, na asilimia 10 yake ni laki sita na sitini, hela ya kufungulia duka hiyo. Wenye nyumba wengi wanasema "mi nataka yangu kamili mkononi, ya TRA utajua mwenyewe", na ukiitikia tu hapo ujue fremu imeshafika laki sita na elfu kumi na moja hivi kwa mwezi na bado unadhani ni laki tano na nusu. Muulize taratibu tu: mzee, hiyo ni kabla ya kukata ya TRA au baada?

Halafu mfikirie na yeye. Kwa nini anataka ya mwaka mzima, tena Januari? Januari ndo mwezi wa ada, pengine ana wajukuu anasomesha, pengine anamalizia nyumba sehemu. Ulizia kwa wapangaji wenzako, fremu ya jirani ilikaa wazi muda gani, na huyo aliyeingia majuzi kalipa ngapi. Ukijua anahitaji hela ya pamoja, basi miezi ndo kitu ulichonacho cha kumuuzia na usimpe bure. Mwambie "mzee mwaka mzima naweza kujipanga, ila kwa laki nne na ishirini". Akitaka kupandisha, wewe punguza miezi, au omba mkataba wa miaka miwili bila kupanda, au atengeneze lile paa kama linavuja, au notisi ya miezi mitatu siku akikutaka utoke. Kila unapoachia kitu omba kingine hapo hapo. Andika nyumbani namba zako tatu, ya kuanzia, unayoitaka, na ya mwisho, na hiyo ya mwisho ibaki kichwani kwako tu.

Siku yenyewe mpe shikamoo yake, ulizia afya, kunywa chai ukipewa, heshima haikuzuii kutaja bei. Ukishataja nyamaza. Hapo ndo watu wa kukubali haraka wanapoumia, kimya cha nusu dakika tu mtu anaanza kujipandishia bei mwenyewe, wewe kaa kimya mpaka mzee aongee. Na ukibanwa sema "mzee nimekusikia, naomba nikapige hesabu nikujibu Jumatano". Usitume hata advansi kwenye simu kabla mkataba haujaandikwa na kusainiwa pande zote mbili.

SWALI: Mi nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Wanunuzi wanakuja shambani wanataja bei ya gunia na gunia lenyewe wanajaza lumbesa, lile la kufurika kupita mdomo wake. Nawezaje kubishana nao?

JIBU: Usibishanie gunia ndugu yangu, bishania kilo. Lumbesa imekatazwa kwenye sheria ya vipimo, mwisho ni kilo 100, kwa hiyo tafuteni mzani wa kikundi uwe pale shambani kabla lori halijafika, mnunuzi akishaanza kupakia umechelewa. Jioni ya kabla piga simu masoko ya Ilala na Mabibo kule Dar uulize kilo inaendaje, toa usafiri, ushuru, vibarua na faida yake, hapo unajua anaweza kufika wapi. Na uwe na sehemu ya kuanikia na kuhifadhi yenye hewa, kitunguu kilichokauka vizuri shingo kinasubiri, sio kama nyanya. Mnunuzi akiona mzigo wako uko juu ya kichanja na wewe huna haraka ya kuuza leo, bei anayofungua nayo inakuwa nyingine.