Maswali ya Wasomaji: Makorongo, Madaraja na Waenda kwa Miguu

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kila ukikaribia barua za madaraja hutujia kwa wingi. Safari hii tumechukua tano.

Kijijini kwetu kuna kalavati la zege lisilo na hata ufa. Mvua zimeliacha limesimama peke yake katikati ya korongo, barabara imeondoka pande zote mbili. Tunaambiwa maji yalikuwa mengi, basi. Ni kweli? (Msomaji, Mpwapwa)

Poleni sana, ndugu yetu. Maji yalikuwa mengi, lakini hilo ni nusu ya jibu. Kalavati ni mlango. Maji yakizidi upana wake hujaa nyuma yake, yanapanda mpaka usawa wa barabara, kisha yanatafuta pa kupitia. Panapolegea kuliko pote ni pale tuta la udongo linapoungana na zege. Pakishaanza kumegeka, shimo hupanuka kwa dakika, si kwa siku. Hata barabara kuu hazisalimiki: Machi 2020 barabara ya Morogoro–Dodoma ilikatika pale Kiyegeya, wilayani Gairo, na magari yakakwama pande zote.

Sasa jiulizeni kwa nini mlango ulikuwa mdogo. Mara nyingi haukujengwa mdogo, umezibwa. Magogo na mabua hukwama mdomoni. Mchanga nao hupanda taratibu: kalavati lenye kimo cha mita 1.5 likijaa mchanga sentimita 75, mnabaki na nusu kalavati, na wapita njia hawaoni kilichopungua. Mchanga huo unatoka mashambani na malishoni huko juu. Ndiyo sababu mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko. Anayepanda nyasi na miti mlimani analilinda daraja la bondeni. Nanyi kila Novemba zoeni mchanga wote ndani ya kalavati, na mita 10 au zaidi upande wa juu na wa chini, mkautupe mbali na kingo ili usirudi na mvua ya kwanza.

Jambo la pili ni upande wa chini wa kalavati, pale maji yanapotoka. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne, na uzito wa jiwe yanaloweza kulisogeza huongezeka takriban mara 64. Maji yaliyobanwa kwenye kalavati hutoka kwa kasi na kuchimba chini ya mwisho wa sakafu yake. Hapa ndipo wengi hudanganyika: mafuriko yakipungua, mchanga hurudi na kulijaza shimo lilelile, ukifika asubuhi unakuta pametulia kama hapakutokea kitu. Chukueni nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 2, muichome mchangani kuufuata ukingo wa sakafu ya zege. Ikizama kwa mkono mmoja bila kugongwa, huo ni mchanga uliojazwa jana na chini yake palichimbwa. Ikizama pia kwa kulala, kuelekea ndani chini ya zege, msingi unaning'inia. Zuieni magari, kisha mwiteni mhandisi wa wilaya wa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini.

Mkirudisha tuta, msimwage kifusi kwa malori na kusawazisha juu tu. Shindilieni tabaka kwa tabaka, kila moja lisizidi sentimita 15, na mpandishe pande zote mbili za kalavati kwa pamoja ili zege lisisukumwe na upande mmoja. Jengeni kuta za mabawa, yaani kuta za pembeni mwa mlango wa kalavati, zinazoingia ndani ya kingo. Mkitumia gabioni, yaani masanduku ya wavu wa waya yaliyojazwa mawe, mawe yawe makubwa kuliko tundu la wavu, na nyuma yake wekeni kitambaa cha kuchuja. Bila hicho udongo hupita katikati ya mawe, gabioni inabaki imesimama na barabara imekwenda. Tengeni pia sehemu ya barabara, mbali kidogo na kalavati, iwe chini kuliko penginepo, isakafiwe kwa mawe na zege. Maji yakizidi yatapita hapo mlipoyachagulia.

Watoto wetu huvuka mto wa mchanga kwenda shule. Asubuhi ni pakavu, jioni wanakuta maji. Tutajuaje kama panavukika? (Mama wa wanafunzi, Kondoa)

Shikamoo mama. Kwa mtoto kanuni ni moja: maji yanayotembea hayavukwi. Maji ya sentimita 15 yakienda kasi humwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 huanza kuliinua gari dogo. Tena kina hakionekani kwa sababu maji ni tope, na chini kuna mashimo ya wachota mchanga na visima vya maji ya kunywa vilivyochimbwa kiangazi. Mtoto anayeijua njia yake kwa miguu huingia kwa kujiamini, na shimo halikuwepo jana.

Korongo linaweza kushuka hapo kwenu hamjaona hata tone, mvua imenyesha milimani. Wingu jeusi upande wa juu, mvumo kama wa lori linalokuja, vijiti na majani makavu vinavyosukumwa na maji membamba ya mbele: ukiona kimojawapo, rudi ulikotoka, usikimbilie ng'ambo.

Kama pana drifti, yaani sakafu ya zege ya kuvukia korongoni, simikeni nguzo kwenye kingo zake zote mbili ili mtu ajue sakafu inaishia wapi, na mzipake rangi kuanzia usawa wa sakafu: kila sentimita 10 rangi moja, ya chini kabisa iwe nyekundu. Nyekundu ikiloa, waenda kwa miguu hawapiti. Na tafadhali, msiwafunge watoto kamba kiunoni mkidhani mnawalinda. Mtoto akianguka, kamba iliyokazwa humzuia chini ya maji badala ya kumwacha aelee kuelekea ukingoni. Lililo bora ni kikao cha wazazi na walimu kabla ya Desemba: watoto wa ng'ambo wabaki shuleni maji yakishuka, na ijulikane nyumba ya kulala kila mmoja endapo usiku utaingia. Makorongo madogo hupungua kwa saa chache.

Tumechanga tununue waya wa chuma wa milimita 12 tujenge daraja la kuning'inia la miguu, upana wa korongo ni mita 30. Fundi anasema tuuvute mpaka unyooke. (Kamati ya kitongoji, Mpwapwa)

Msiuvute unyooke! Waya wa daraja hubeba kwa kulegea. Kwa mita 30, katikati paning'inie kama mita 1.5 chini ya ncha. Mkipunguza ikawa sentimita 75, mzigo uleule wa watu utavuta waya na nanga (kizito cha ardhini kinachoshika ncha ya waya) mara mbili zaidi. Ulegevu huo muuhesabu kabla ya kupanga kimo cha nguzo, kwa sababu sehemu ya chini kabisa ya daraja inatakiwa kuwa angalau mita 2 juu ya alama ya mafuriko makubwa yanayokumbukwa na wazee.

Madaraja haya huachia kwenye klampu, vibano vya nati vinavyofunga waya, hivyo tazameni hapo kwa macho mawili. Waya ukizunguka nanga unakuwa na pande mbili: unaobeba mzigo, na mkia mfupi uliorudi. Klampu nayo ina kipande kipana cha kukalia na kipande kilichopinda kama kwato. Kipana kikae kwenye waya unaobeba. Kwato ibane mkia. Mkigeuza, kwato huponda waya wenyewe wa mzigo. Kwa waya wenu wekeni klampu zisizopungua nne kila ncha, zipishane kama sentimita 7, zote zikitazama upande mmoja, na ndani ya kitanzi pawe na kikombe cha chuma (thimble), kipande chenye mfereji wa kukalia waya, ili waya usikunjike. Zikazeni, pakieni daraja mizigo, zikazeni tena, maana waya ukivutwa hupungua unene na nati hulegea zenyewe. Baada ya hapo zikaguliwe kila mwezi.

Nanga msiifunge kwenye mti. Na idadi ya waya, ukubwa wa nanga na watu wangapi wavuke kwa pamoja vihesabiwe na mhandisi kabla hamjanunua kitu.

Mchanga wa korongo unafaa kwa zege la daraja? (Fundi mwashi, Bahi)

Unafaa ukiwa safi. Fundi, chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, tia mchanga hadi theluthi, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache mpaka kesho. Juu ya mchanga litakaa tabaka la tope. Mchanga ukiwa na kimo cha sentimita 10 na tope limezidi milimita 8, uoshe au tafuta mwingine.

Maji ndiyo huharibu zaidi. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 usizidishe lita 25, na hapo hesabu na unyevu uliomo kwenye mchanga. Vibarua huongeza ndoo ili zege liteleze. Likikauka huacha vitundu, maji huifikia nondo, nondo huvimba kwa kutu na kulipasua zege. Nondo ikae sentimita 5 ndani, juu ya biskuti za zege (vipande vidogo vya kuinulia nondo), si juu ya kokoto wala mbao. Kwa jua na upepo wa Dodoma, funika kwa magunia yaliyolowa siku zisizopungua 7.

Daraja letu halina njia ya miguu, na vyuma vya pembeni vimeibwa. Tudai nini? (Mkazi wa Chamwino)

Daini njia iliyoinuliwa yenye upana wa mita 1.5, mama mwenye ndoo kichwani apishane na mwingine bila kushuka barabarani. Kizuizi cha pembeni kiwe na kimo cha mita 1.1, na nafasi zake zisipitishe kichwa cha mtoto: zisizidi sentimita 10. Kiwe cha zege, maana chuma kitaishia tena kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na matundu ya kutolea maji yawepo, yazibuliwe. Yakiziba, tope hutanda njiani na watu wote huhamia kwenye njia ya magari. Wakati mnasubiri, piteni upande wa kulia, mkitazamana na magari yanayokuja, na bodaboda wakubaliane na serikali ya mtaa wasipakie wala kushusha abiria juu ya daraja.