Shangazi, promota wa Dar ananitaka na kocha wangu ananitishia. Nisaini wapi?

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Chang'ombe hapa Dodoma. Nina miaka miwili kwenye mieleka ya kulipwa. Aliyenifundisha ni kocha mwenye kikundi chake, mazoezi tunafanyia kwenye ghala huko Kizota. Hajawahi kunitoza hata senti. Miezi ya mwanzo hakuniruhusu kumnyanyua mtu, alinifundisha kuanguka tu, kiganja chake kikiwa nyuma ya kichwa changu. Ila tukifanya shoo napata elfu thelathini, siku nyingine nauli tu. Mwezi uliopita promota wa kampuni mpya ya Dar aliniona nikipigana na sasa ananitaka. Anaahidi laki nne kwa mwezi, mkataba wa miaka mitatu, kuonekana kwenye televisheni, na jina jipya la ulingoni. Mkataba alinionyesha kwenye simu yake, una kurasa tisa, mimi nikasoma ule wa pesa. Kampuni hizi mbili haziivi kabisa. Promota anasema nikisaini nisikanyage tena ulingo wa kocha, na kocha anasema nikienda Dar nimemsaliti na nisirudi. Mama yangu anauza vitenge Soko la Majengo, yeye hataki hata kusikia, anasema huu ni mchezo wa kuigiza. Natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nichague ipi?"
Mwanamieleka, Dodoma

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia, na kila nikifika pale kwenye kurasa tisa nakwama. Umesoma mmoja. Pesa kila promota huiweka mahali inapoonekana. Ni zile kurasa nane zilizobaki zitakazokwambia utaishije hiyo miaka mitatu. Kwa hiyo jibu langu nakupa mapema: Dar usisaini mpaka uwe na nakala mkononi, umeisoma yote na umesomewa na mtu anayeelewa sheria. Na Kizota usibaki kwa sababu tu unaogopa kuitwa msaliti. Kati ya hayo mawili pana nafasi kubwa kuliko hao mabwana wanavyotaka uione.

Huo ugomvi wao usikuumize kichwa. Kwako ni neema. Muulize mkulima yeyote wa zabibu kule Hombolo au Mpunguzi bei inakuwaje mnunuzi akiwa mmoja. Kwenye mieleka mambo ni hayo hayo, na ushahidi upo. Kuanzia Septemba 1995 kampuni mbili za Marekani, WWF ambayo leo ndiyo WWE, na WCW, zilirusha vipindi vyao Jumatatu usiku kwa wakati mmoja, kila moja ikitaka kuimaliza nyingine. Siku ya kwanza kabisa ya kipindi cha WCW akaibuka Lex Luger, ambaye watu walijua ni wa WWF. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, na mabosi wake wa zamani hawakuwa na habari. Novemba 1997 Rick Rude alionekana kwenye vipindi vyote viwili usiku uleule, kwa kuwa kimoja kilikuwa kimerekodiwa siku kadhaa kabla na kingine kilikuwa mubashara, naye hakuwa amefungwa na mkataba. Miaka ile wanamieleka waliongezewa malipo kwa sababu kila upande uliogopa kunyang'anywa watu.

Kisha Machi 2001 WWF ikainunua WCW, vita ikaisha. Baadhi ya vigogo waliokuwa na mikataba ya malipo ya uhakika walikaa nyumbani wakaendelea kulipwa. Chipukizi hawakuwa na anasa hiyo. Walichukua walichopewa na yule aliyebaki peke yake sokoni, na kampuni yenye pesa ya kushindana naye kweli, AEW ya Tony Khan, ilikuja kuanzishwa 2019. Hesabu hiyo miaka, halafu ufikirie umri wako.

Ndiyo maana sipendi hiyo miaka mitatu ya kufungwa upande mmoja. Leo una watu wawili wanaokugombea. Ukisaini kama promota anavyotaka, kesho hakuna tena anayekugombea, na laki nne ndiyo hiyo hiyo hadi mwaka wa tatu. Tena kampuni yenyewe ni mpya. Ikifa mwezi wa saba, mkataba unasemaje? Uko huru siku hiyohiyo, au unakaa nyumbani Chang'ombe bila mshahara huku karatasi ikikuzuia kupigana kwingine? Swali hilo muulize promota ana kwa ana, umwangalie usoni anapojibu.

Sasa jina. Umeandika "jina jipya la ulingoni" kama zawadi, na mimi hapo roho ikanidunda. Mwanamieleka hana kiwanja wala duka. Mtaji wake ni mwili wake na jina ambalo watu wanalipigia kelele. Wakikupa jina wao, kwa kawaida wanaliandikisha liwe mali yao, na ukiondoka unaliacha mlangoni. Yule uliyekuwa ukimwona WWE akiitwa Dean Ambrose alipohamia AEW mwaka 2019 alirudia jina lake la zamani, Jon Moxley. Cody Rhodes ndiye anayenigusa zaidi. Rhodes ni jina la ulingoni la baba yake, Dusty, aliyelijenga kwa jasho lake. Mtoto alipoondoka WWE mwaka 2016, haki za jina hilo zilikuwa kwa kampuni, na kwa miaka kadhaa alipanda ulingoni akiitwa Cody tu. Ikiwa mtoto wa Dusty Rhodes yalimkuta hayo, wewe binti wa Chang'ombe ulinde jina lako tangu mwanzo. Kwenye zile shoo za Kizota watu wanakuitaje? Hilo ndilo usainie, na mkataba useme wazi kwamba ni lako, ukiondoka unaondoka nalo.

Huyo Cody ana jambo jingine la kumwonyesha kocha wako. Aliondoka, akawa miongoni mwa walioanzisha AEW, yaani alijenga nyumba ya mpinzani kwa mikono yake. Mwaka 2022 akarudi WWE, watu wakampokea kwa shangwe, na Aprili 2024 kule Philadelphia akatwaa mkanda mkubwa kwenye WrestleMania. Katika kazi hii watu huondoka na kurudi. Neno "nisirudi" analitamka mtu aliyeumia, na kocha wako ameumia, sikatai.

Kwa sababu alichokupa hakinunuliki kwa laki nne. Umeniandikia, na nimelipenda, kwamba miezi ya mwanzo hakukuruhusu umnyanyue mtu yeyote. Kazi yako ilikuwa kuanguka. Kidevu kifuani, mikono miwili ipige mkeka kwa pamoja, mgongo wa juu utangulie, kichwa kisiguse. Na kila ulipochoka aliweka kiganja chake nyuma ya kichwa chako ili ukikosea kiumie kidole chake, shingo yako ibaki salama. Mwanangu, matokeo ya pambano hupangwa, lakini mkeka haupangwi. Oktoba 1999 Darren Drozdov, mwanamieleka wa WWF aliyekuwa na miaka 30, alinyanyuliwa na mwenzake kwenye pambano la kawaida, mshiko ukaharibika, akaangukia kichwa. Alipooza tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2023. Hakukuwa na ubaya wowote kati yao.

Basi kabla ya kuuliza habari za televisheni, nenda Dar siku moja kutazama mazoezi yao. Treni ya SGR itakufikisha na kukurudisha. Keti pembeni utazame wanavyowafundisha wageni kuanguka. Ukikuta mtoto wa wiki mbili anarushwa juu ya kamba ili wampige picha, rudi Dodoma jioni hiyohiyo. Uliza pia siku ya shoo anakuwepo nani wa huduma ya kwanza, na ukivunjika mkono bili anailipa nani. Usidhani ukubwa wa kampuni unakujibia. Hata WWE huwahesabu wanamieleka wake kuwa wakandarasi huru, si waajiriwa, na bima ya afya ya kila siku kila mmoja anajitafutia.

Kwetu hapa swali hilo lina uzito wake. Ukiwa mwajiriwa, mwajiri anatakiwa kukuandikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule wa WCF, ambao ndio unaokutazama ukiumia kazini. Wakikuandika kuwa mtoa huduma, hayo yote yanakuangukia wewe, na laki nne inabidi iyabebe. Toa humo chumba cha kupanga, nauli za daladala, na chakula cha mtu anayefanya mazoezi mazito kila siku. Sikuvunji moyo. Nataka uipige hesabu hiyo kwa kalamu, na mama yako awepo, maana mtu wa Majengo anajua pesa inavyoyeyuka.

Na kampuni yenyewe ipo? Jina lake litafutwe BRELA, wanakosajiliwa makampuni, na Baraza la Michezo la Taifa uwaulize kama wanaitambua. Kuhusu kusomewa mkataba, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo watoa msaada waliosajiliwa wanaomhudumia asiye na uwezo bila malipo. Anzia ofisi ya ustawi wa jamii pale halmashauri ya jiji, watakuelekeza.

Mimi ningekuwa wewe ningeomba hivi: mwaka mmoja badala ya mitatu, jina langu libaki langu, matibabu ya majeraha ya ulingoni yawe juu yao, kila upande uweze kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja, na niruhusiwe kupigana Dodoma siku ambazo Dar hakuna shoo. Hilo la mwisho atalikataa kwanza. Usilitupe haraka, kwa sababu ndilo linalokuachia ulingo wa Kizota. Akikubali manne akakataa hilo, hapo sasa kuna mazungumzo. Akikataa yote, au akisema nakala huwa hawatoi, kaa na kocha wako na elfu thelathini yako. Una miaka 22, promota mwingine atakuja.

Kocha mfuate kabla hajasikia kwa watu. Nenda asubuhi, si siku ya mazoezi mbele ya wenzako. Mwambie, "Kocha, nakushukuru, na sijasaini popote. Nataka unisaidie kuusoma huu mkataba." Kumshirikisha hivyo kutamtuliza kuliko maneno mia ya kujitetea. Ila akidai kwamba kwa kuwa alikufundisha bure basi wewe ni wake, mjibu kwa heshima kwamba deni hilo unalijua na utalilipa kwa kuwafundisha wadogo zako pale ghalani. Utumwa haukuwa sehemu ya mapatano.

Mama yako umpeleke Kizota siku moja, akae aone unavyoanguka na kuinuka. Sikuahidi kwamba atafurahi. Anaweza kulia. Lakini atakuwa anakataa kitu alichokiona, na nyinyi wawili mtakuwa na la kuongea.

Leo hii mtumie promota ujumbe, mfupi, bila samahani nyingi: "Habari za leo kaka. Nashukuru kwa nafasi. Naomba nakala kamili ya mkataba niisome na mwanasheria, kisha nitakujibu kwa maandishi." Tarehe ya mwisho wa mwezi aliipanga yeye, na wewe unaweza kuomba wiki mbili zaidi. Nakala ikifika, nipigie picha kifungu kinachohusu jina na kile cha kuvunja mkataba, unitumie kabla hujashika kalamu.

Shangazi yako