Usihesabu asilimia ya mafuta, hesabu miligramu

Nikisema nakuza mwani wa bahari hapa Kampala, watu hucheka. Bahari iliyo karibu ni ya Mombasa, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na ziwa letu ni la maji baridi. Lakini mwani wangu ni ule wa hadubini, Nannochloropsis, chembe ya mikromita 2 hadi 4, unaoridhika na chupa na taa. Nautafutia EPA, omega-3 ile ya samaki wa baharini, niitie kwenye chakula cha vifaranga wa samaki.

Nilianza kwa ubahili. Nilichukua chumvi ya Katwe nikidhani chumvi ni chumvi. Nilipotia kloridi ya kalsiamu na ya magnesi ili yafanane na maji ya bahari, chupa nzima ikawa nyeupe kama uji. Ziwa Katwe lina magadi na salfeti nyingi, si kama bahari; ile kaboneti ya magadi ilishika madini niliyotia ikazama nayo chini. Siku hizi natumia chumvi safi za maabara, jumla kama gramu 35 kwa lita. Maji yakipungua kwa mvuke, jazia maji yaliyokenekwa, usijazie maji ya chumvi, maana chumvi haipandi na mvuke.

Hilo lilikuwa kosa la siku moja. Lililonila miezi ni kufukuza asilimia. Kila aliyesoma kidogo atakwambia: unyime mwani nitrojeni, utajaza mafuta. Ni kweli. Ukikosa nitrojeni hauwezi kuunda protini wala kugawanyika vizuri, basi kaboni unayoipata kwa mwanga unaiweka akiba. Chupa zangu zikatoka kijani zikaingia manjano, asilimia ikapanda, nami nikatamba.

Sasa fanya hesabu. Chukulia chupa iliyoshiba ina gramu 0.8 za mwani mkavu kwa lita, mafuta asilimia 22: hizo ni miligramu 176. Iliyonyimwa ina gramu 0.35, mafuta asilimia 40: miligramu 140. Yenye asilimia ya kujivunia ndiyo iliyoshindwa, na bado hujagawanya kwa siku ulizolipia umeme. (Ukitumia lishe ya f/2, mchanganyiko wa madini unaotumika sana kwa mwani, kumbuka ina miligramu 75 tu za naitreti ya sodiamu, ndiyo nitrojeni yake, kwa lita. Mwani ukishamiri huimaliza wenyewe, kwa hiyo unaweza kuwa unaunyima bila kujua.)

Kisha kuna swali la mafuta gani. EPA hukaa zaidi kwenye mafuta ya utando wa chembe, hasa ule wa kloroplasti unaonasa mwanga. Njaa ikiingia, mtambo huo hupunguzwa, na akiba inayojazwa ni asidi ya palmiti na wenzake kwa wingi, si EPA. Anayetaka kutengeneza dizeli kwa mwani atafurahi. Mimi wa vifaranga nilikuwa nimetupa nilichokuwa nakitafuta. Kwa EPA, lisha naitreti ya kutosha, taa iwe ya wastani, na joto likae nyuzi 20 na kitu. Ubaridi huongeza asidi za mafuta zenye vifungo viwili vingi, kama EPA, na hapo hali ya hewa yetu ya mwinuko inatusaidia kuliko watu wa pwani.

Kwenye mizani nilidanganyika tena. Nilichuja mililita 100, nikakausha, na karatasi ikatoka ikimetameta. Nilidhani ni uzuri wa mwani. Kumbe mililita 1 tu ya maji ya bahari ikibaki kwenye karatasi huacha miligramu 35 za chumvi, na mwani wenyewe pale ulikuwa kama miligramu 30! Nusu ya mavuno yangu ilikuwa chumvi, na asilimia ya mafuta ikasomeka nusu ya ukweli. Suuza kwa fometi ya amonia: chembe hazipasuki, nayo hugeuka hewa ikapotea kwenye oveni. Maji matupu yanaweza kuzipasua.

Sampuli ya kupima uzito na ya mafuta zitenganishe, kwa sababu joto la oveni huharibu EPA. Ya mafuta igandishe mara moja. Na klorofomu, ile ya kutolea mafuta kwenye mwani, usiitie kwenye plastiki. Mimi nilipata vilele vya ajabu kwenye grafu ya kipimo cha mafuta, nikaona nimegundua asidi mpya, kumbe ni plastiki ya kifuniko. Chota sampuli saa ile ile kila siku pia, maana usiku mwani hula akiba yake.

Mbegu, yaani mwani wa kuanzishia chupa mpya, usiiweke mahali pamoja. Umeme ulipokatika siku mbili mfululizo nilipoteza chupa zote. Tangu hapo chupa moja inakaa kwa shangazi mtaani Ntinda, dirishani upande usiopigwa na jua, na kila wiki mbili napita kuihuisha. Ameibandika karatasi yenye maandishi makubwa: SI JUISI.