Natapika mno na nimeambiwa nina H. pylori: je, nimeze dawa nikiwa mjamzito?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina ujauzito wa wiki 11. Natapika usiku na mchana, hata maji hayakai. Nilikuwa na kilo 62, sasa nina 57. Nimepimwa damu nikaambiwa nina bakteria wa tumbo, H. pylori, na nimeandikiwa dawa za wiki mbili. Je, hao ndio wanaonitapisha? Na dawa hizo hazitamdhuru mtoto?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Kilo zako zinanitia wasiwasi kuliko hicho kipimo. Umepoteza asilimia 8 ya uzito wako, wakati asilimia 5 tu inatosha kutuonyesha kwamba hiki si kichefuchefu cha kawaida cha ujauzito. Usiambiwe uvumilie. Nenda hospitali leo, upimwe ketoni (kemikali zinazotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa chakula) kwenye mkojo na potasiamu kwenye damu, kisha utundikiwe dripu. Waeleze wazi kwamba una siku nyingi hujala, ili upewe thiamini (vitamini B1) kabla ya dripu yoyote yenye glukosi. Sukari ikiingia kwa mtu aliyeishiwa vitamini hiyo, ubongo unaweza kudhurika, na hili husahaulika. Kama hujapigwa ultrasaundi, omba: mapacha au mimba zabibu (kondo linalokua vibaya kama vishada, badala ya mimba ya kawaida) huzidisha kutapika.

Sasa hao bakteria. Tafiti kadhaa zimewakuta zaidi kwa wajawazito wanaotapika kupita kiasi, kwa hiyo aliyekupima hakukosea kuwafikiria. Lakini karibu nusu ya watu duniani wamewahi kukutwa nao, na wajawazito wengi wanao bila kutapika hivyo. Ushahidi wenye nguvu zaidi leo unaelekea kwenye homoni iitwayo GDF15, ambayo kondo la nyuma na mtoto huimwaga kwa wingi kwenye damu ya mama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mwanamke ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba huathirika zaidi. Kwa maoni yangu, bakteria wanaweza kukuongezea mateso, ila sidhani kama ndio chanzo.

Tena kipimo cha damu hutafuta kingamwili (askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya bakteria), nazo hubaki hata bakteria wakishaondoka. Kipimo cha choo kinachotafuta bakteria wenyewe kinaaminika zaidi, na ni salama kwako.

Kuhusu dawa, mara nyingi tunasubiri hadi baada ya kujifungua. Amoksilini (antibiotiki) na omeprazo (ya kupunguza asidi tumboni) hutumika katika ujauzito bila shida kubwa; klarithromaisini inahitaji daktari apime faida na hatari; tetrasaiklini na bismathi tunaziepuka. Kwako kuna sababu nyingine: ukimeza antibiotiki na kuzitapika, unawapa bakteria nafasi ya kujenga usugu. Tunaweza kutibu mapema endapo una kidonda kinachovuja damu, au kutapika kumekataa matibabu mengine yote. Hilo liamuliwe na daktari wa wajawazito anayekuona.

Kinachohitajika sasa ni dawa za kuzuia kutapika. Piridoksini pamoja na doksilamini, promethazini au metoklopramidi zimetumika kwa miaka mingi, na zisipofaa ipo ondansetroni. Usipoweza kumeza, zipo za sindano. Kama vidonge vya madini chuma vinakuzidishia kichefuchefu, uliza kama unaweza kuvisimamisha kwa muda.

Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, ukikaa saa 8 bila mkojo, ukipata homa, ukiona vitu viwiliviwili au ukianza kuyumba na kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura, hata kama ulitoka hospitali jana.

Baada ya kujifungua rudia kipimo cha choo, ukiwa umekaa wiki 2 bila omeprazo na wiki 4 bila antibiotiki, la sivyo kinaweza kusema huna bakteria kumbe wapo. Hadi wakati huo, kliniki wafuatilie wingi wa damu yako, kwa sababu H. pylori hupunguza ufyonzwaji wa madini chuma.